Maji Yaliyokawia Korongoni

Kazi ya kusoma mto ilimwangukia Obdulia Zúñiga kwa sababu ya nyumba yake. Watu wa ofisi ya maji walipofika Las Anonas na redio yao ya upepo, walizunguka kijiji kizima wakitafuta mahali ambapo sauti ingeweza kuvuka milima, na kila walipojaribu waliambulia mkoromo mtupu. Mwishowe wakapanda kilimani, jirani na shule, wakaomba ruhusa kwa mwanamke aliyekuwa akioka rosquillas uani, zile pete za unga wa mahindi na jibini. Wakasimika antena juu ya bati lake, na redio ikazungumza papo hapo. Kamati ya kijiji ilikuwa imeshamteua bwana mmoja wa bondeni, lakini bwana yule aliona taabu kupanda kilima kila asubuhi kwenda kuzungumzia maji kwa mwanamke anayeishi peke yake, na mkewe naye akaona ni vizuri mumewe aone taabu. Basi kazi ikafuata antena.

Mume wa Obdulia alikwenda Kaskazini, nchi za watu, kutafuta maisha binti yao akiwa bado ananyonya. Mwanzoni alituma salamu, baadaye salamu zikaja kwa midomo ya watu wengine, mwisho hakuna aliyejua yuko wapi. Obdulia alimlea binti kwa rosquillas hizo hizo, akamwoza mbali, huko San Pedro, akabaki na tanuri lake la udongo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwepesi wa kutembea, na alikuwa na desturi ya kukaa kimya kidogo kabla ya kujibu, hata wengine wakamdhania ana maringo.

Kila asubuhi, tanuri likianza kushika moto, alishuka hadi darajani. Kwenye nguzo ya katikati ilikuwa imechorwa rula ndefu: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Aliinama juu ya ukingo wa daraja akatazama maji yamegusa wapi, kisha akaenda kupima mvua iliyojaa ndani ya chombo kilichofungwa kwenye kigingi karibu na kanisa, akapanda nyumbani na kuwasha redio. Jioni akarudia.

Wa kwanza kuzungumza naye alikuwa don Tiburcio Mejía, mkulima wa kahawa wa El Portillo, juu kabisa mlimani, ambaye naye alikuwa na rula yake iliyochorwa kwenye mwamba. Kati yao palikuwa na Angostura, korongo refu ambamo mto Cuyagual unapita kati ya kuta za mawe, mahali ambapo hakuna anayeishi wala kulima. Maji aliyoyaona Tiburcio wakati wa kahawa ya asubuhi ndiyo aliyoyaona Obdulia wakati wa kupika cha mchana. Tiburcio akisema yamepanda, Obdulia alijua ajiandae kwa lipi. Naye akazipeleka habari zote mbili mjini, ambako ofisi ilikusanya habari za bonde zima.

"Umeamkaje, comadre?" Tiburcio huuliza.

"Salama, compadre. Mto wako je?"

"Mto wangu umelala fofofo. Magoti yangu ndiyo yaliyokesha."

Waliitana comadre na compadre kama watu waliosimamiana watoto ubatizo, ingawa hapakuwa na mtoto wala padri kati yao. Walikuwa wameonana mara moja tu, kwenye mafunzo mjini, na Obdulia alichokumbuka ni kofia pana na mkono mgumu. Lakini sauti yake aliijua kuliko sauti za ndugu zake wengi. Alijua siku aliyouza kahawa kwa bei mbaya kabla hajasema, na siku mkewe alipolazwa alimsikia akisoma namba za maji kwa haraka kama mtu anayemeza dawa chungu.

Wakati wa kiangazi hakuna aliyemuuliza Obdulia lolote. Mto ulipungua hadi mawe yakatoa migongo, wanawake wakaanika nguo katikati yake, na yeye bado alishuka. Watu walimtania barabarani.

"Doña Obdulia, umeyakuta bado yapo?"

"Yapo. Yanawasalimu."

Mwanzoni alifanya kazi ile kwa sababu aliahidi. Baadaye alianza kuipenda, japo hakumwambia mtu. Alijua rangi ya maji kahawa ikioshwa huko juu, alijua mvua iliyonyesha mbali kwa harufu ya udongo, na alikuja akaona kwamba mtu asiyeujua mto ukiwa mdogo hawezi kukwambia umekua kiasi gani. Alipokuwa akikanda unga, kichwa chake kilikuwa darajani.

Kisha ikaja ile Oktoba ya mvua. Mchana mmoja Tiburcio aliita, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. Maji kwake yameingia nyekundu na mvua bado inamwagika. Obdulia hakusita. Mbele ya nyumba yake kilikuwepo king'ora cha kuzungusha kwa mkono. Akakizungusha kwa nguvu zake zote, kisha akasimama pale pale juu ya kilima akipaza sauti: waondoke, maji yanakuja. Watu wakapanda shuleni na mablanketi, kuku na masufuria. Don Anselmo, mzee aliyekuwa hawezi tena kutembea, alibebwa kwenye kiti kwa njia ya utelezi, mvua ikimpiga mwili mzima.

Kumbe huko juu mvua ilikatika ghafla. Maji yalipofika Las Anonas yaligusa njano, yakapita chini ya daraja, yakaenda zao. Watu walikaa shuleni wakiutazama mto usiofanya kitu, na waliporudi walikuta majiko yamezima na kuku waliowaacha hawapo. Hayo yangesahaulika. Lakini don Anselmo alianza kukohoa, kikohozi kikashuka kifuani, na kabla mwezi haujaisha wakamzika.

Binti yake, Fermina, ndiye aliyekuwa comadre wa kweli wa Obdulia. Ndiye aliyembeba binti wa Obdulia siku ya ubatizo, na walikuwa mashoga tangu wakiwa wasichana wa kufua mtoni. Makaburini Obdulia alimwendea kumpa pole. Fermina alimtazama, akasema polepole, watu wakisikia:

"Baba alikuwa kitandani kwake, pakavu, anakunywa kahawa. Wewe ndiye uliyemtoa."

Tangu hapo hakumsemesha tena.

Bwana mmoja wa ofisi alikuja kutoka mjini akamwambia Obdulia kwamba alifanya lililopaswa, kwamba ni heri kuondoka bure kuliko kuchelewa. Tiburcio alimwambia hivyo hivyo, kwa maneno mengi zaidi. Obdulia aliwaitikia. Aliamini wanasema kweli, ila maneno yao hayakufika pale yalipofika maneno ya Fermina. Nyumba ya Fermina ilikuwa ya kwanza baada ya daraja, na kila asubuhi Obdulia alipopita, mlango ulifungwa, si kwa kishindo, kwa utaratibu tu, kama mtu anayezuia vumbi. Zaidi ya mara moja aliwaza kuirudisha ile redio. Kisha alifikiria ni nani mwingine atakayekubali bati lake litobolewe, akashuka tena darajani.

Novemba ya mwaka uliofuata upepo wa kaskazini ulileta mvua isiyokatika. Mto ulipanda hadi njano ukabaki hapo, mzito, rangi ya kahawa ya maziwa. Jioni moja ulisikika mngurumo mrefu kutoka milimani, watu wakasema ni radi. Kesho yake asubuhi Obdulia alishuka na mwavuli uliokatika ubavu mmoja, akainama ukingoni mwa daraja, akadhani macho yake hayajaamka vizuri. Maji yalikuwa yameshuka. Yaliiacha njano, yakarudi kijani, na bado yalikuwa yanashuka wakati akiyatazama; mawe yalikuwa yanatokeza moja baada ya jingine. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni.

Darajani watu walikuwa na furaha. Mmoja alimwambia akawaambie watu wa mjini kwamba hatari imekwisha. Obdulia alipanda nyumbani bila kujibu.

"Kwako je, compadre?"

"Yanapanda. Yamekaribia nyekundu. Tangu jana hayajashuka hata kidole."

Obdulia alinyamaza.

"Comadre? Upo?"

"Nipo. Kwangu yameshuka. Yameshuka sana."

"Na mvua?"

"Inanyesha hapa ninapozungumza."

Redio ilikoroma. Kisha Tiburcio akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia mnyama aliyepotea, "Sasa maji yangu yamekwenda wapi?"

Walilifikiria pamoja, kila mmoja upande wake wa korongo. Tiburcio alikumbuka ule mngurumo wa jana. Huko kwake vyombo vilitikisika kabatini, na radi haitikisi vyombo namna ile. Akasema huenda ubavu wa mlima umeporomoka ndani ya Angostura na kuziba njia. Maji yanaingia na hayatoki. Akasema atavaa mabuti apite njia ya mgongoni mwa mlima akachungulie, ila ni mbali, na kwa utelezi ule asingoje jibu lake upesi.

Obdulia akaita mjini. Injinia wa zamu alikuwa kijana mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala. Aliuliza maswali ya maana, akamwomba arudie namba. Barabara zimekatika, akasema, na mawingu yale hayaruhusu ndege yoyote kuruka kwenda kutazama. Ardhi ikiziba mto inaweza kushika siku nyingi maji yakavuja kidogo kidogo, au inaweza kuachia yote kwa mkupuo.

"Kutoka hapa sioni chochote, doña Obdulia," akamalizia. "Ila mama yangu angekuwa anakaa hapo kijijini, ningekuwa nimeshamtoa."

Obdulia aliweka kipaza sauti chini, akaketi kwenye kiti. Unga alioukanda ulikuwa umeanza kukauka juu. Alikiona kile kiti cha don Anselmo kikipanda njia ya matope, na miguu ya mzee ikining'inia bila viatu. Labda Tiburcio amesoma vibaya. Labda udongo utashika. Na akiwatoa watu bure safari hii, hakuna atakayepanda kilima kile tena, hata siku maji yatakapokuwa mlangoni. Alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Kisha akatoka nje akakishika king'ora.

Akazungusha. Sauti ikapanda, ikashuka bondeni, ikarudi. Hakuna aliyetoka na blanketi. Kutoka pale juu aliona mto umejaa watu. Maji yalipokimbia yaliacha samaki wakitapatapa kwenye vidimbwi, na kamba wa mtoni wamejificha chini ya mawe, na nusu ya kijiji ilikuwa imeingia na ndoo na vikapu. Wengine waliinua vichwa kumtazama, wakainama tena.

Alishuka. Darajani alikuwepo Chema, mwenye duka, aliyekuja kutazama samaki bila kulowesha miguu.

"Doña Obdulia," Chema alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "mwaka jana ulitukimbiza maji yakiwepo. Mwaka huu unatukimbiza hata maji yenyewe hakuna?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia kutoka chini, "Ngoja kwanza nijaze ndoo. Nikifa nife nimeshiba."

Obdulia alijaribu kuwaeleza: maji ya El Portillo, mngurumo, Angostura. Lakini ni vigumu kumweleza mtu kwamba mto mdogo ni mto mbaya, naye ana samaki mkononi. Wachache walimsikiliza kwa heshima wakasema sawa, wamalizie hapa kidogo. Ndipo alipomwona Fermina, sketi ameikunja na kuichomeka kiunoni, yuko katikati kabisa ya mto, anageuza mawe.

Obdulia aliushuka ukingo, viatu vikiteleza, akaingia mtoni. Maji yalimfika vifundoni. Alitembea juu ya mawe hadi aliposimama mbele yake.

"Fermina."

Fermina hakuinua kichwa.

"Nafikiri mlima umeanguka Angostura na maji yamezibwa huko. Nafikiri tu, sijaona kwa macho. Mwaka jana nilikuwa na hakika, na kilichotokea unakijua. Leo sina hakika, na nimekuja kukuomba uondoke."

Fermina alisimama wima, mkono mmoja kiunoni. Lilikuwa ni neno lake la kwanza kwake tangu makaburini:

"Na yasipokuja?"

"Yasipokuja utaninyima salamu mpaka nife. Nimeshazoea."

Fermina aliitazama miguu ya Obdulia ndani ya maji, akatazama kule mto unakotokea, kwenye ukungu. Aliokota ndoo yake, akapanda ukingo, akaingia ndani ya nyumba ile ya kwanza baada ya daraja. Baada ya muda akatoka amemshika mkono mama yake, doña Cleotilde, na godoro amejitwisha kichwani.

Hakuna aliyekuwa hajui habari za Fermina na Obdulia. Watu waliomwona akipanda kilima, yeye aliyekuwa na kila sababu ya kubaki, walisimamisha mikono. Mama mmoja akaita wanawe watoke mtoni. Jirani yake akaita wake. Kicheko kilikwisha bila mtu kukikataza, na Obdulia akapita mlango kwa mlango akihimiza, sauti imemkauka. Chema alikuwa wa mwisho kufunga duka, na alipanda na gunia la maharage begani na runinga mkononi.

Shuleni walikaa wakangoja. Mchana ukaingia. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, kisha hata manyunyu yakaisha, na kijua hafifu kikaangaza paa za chini. Mto ulikuwa kama kijito. Watoto walianza kulia njaa, na watu wazima wakaanza kumtupia Obdulia jicho na kunong'ona. Aliwasikia. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake, sikio moja kwenye redio, na Fermina alikuwa ameketi kwenye ngazi ya shule amempa kisogo.

Nicanor Paz alikuwa mtu mpole, mchuma ndizi, ambaye hakumdhihaki mtu yeyote. Nyumbu wake wa kubebea mizigo alikuwa amemfunga nyuma ya migomba, na katika haraka ya kuwapandisha watoto alimsahau. Alimwambia mkewe, Lorenza, kwamba anashuka mara moja amfungue, anarudi. Lorenza alimwambia asikawie.

Alipofika bondeni, redio ikaita. Tiburcio alikuwa anahema hadi maneno yanakatika.

"Nimeliona, comadre. Ni ziwa. Ziwa kamili, miti imesimama ndani. Na ukuta unavuja pembeni, udongo unamomonyoka nikiuona. Mimi nimerudi mbio ya magoti haya, kwa hiyo sasa hivi huenda umeshaachia. Usimwache mtu chini."

Obdulia alitoka nje akakizungusha king'ora mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Kaka wa Nicanor alikimbia hadi katikati ya mteremko akiita jina lake. Walimwona, mdogo, kati ya migomba, akihangaika na fundo la kamba lililolowa na kukaza. Aliinua mkono kuwaonyesha kwamba amesikia, anakuja.

Kilichotangulia kufika ni harufu, ya udongo mbichi na miti iliyovunjika. Baadaye ukaja mshindo ambao watu waliusikia tumboni kabla ya masikioni. Maji hayakuja kama maji. Yalikuja kama mlima unaotembea, mweusi, umejaa magogo na mawe. Daraja lilikuwepo, kisha halikuwepo. Nyumba zote za safu ya chini ziliondoka pamoja, ya Fermina ikiwa ya kwanza, na duka la Chema, na kanisa, na kigingi kile cha mvua, na migomba. Shuleni hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu wakitazama, na Lorenza alisimama mbele ya wote.

Nyumbu alipatikana jioni ile akitembea kilimani, kamba imekatika shingoni. Nicanor alipatikana siku kadhaa baadaye, mbali, kwenye mashamba ya tambarare.

Katika majuma yaliyofuata watu walimwendea Obdulia. Walimletea mayai, walimshika mikono iliyofungwa vitambaa, akina mama walilia begani kwake. Aliwapokea kwa adabu, na wakiondoka alijisikia kama mtu aliyevishwa nguo ya mtu mwingine. Aliwaza kwamba king'ora ni kile kile na mikono ni ile ile. Mwaka mmoja vilimuua mzee aliyekuwa salama, mwaka mwingine viliokoa kijiji, na katikati yake yuko Nicanor na fundo lake la kamba. Kama angekaa muda mfupi zaidi kwenye kile kiti asubuhi ile, pengine Nicanor angepata nafasi ya kumkumbuka nyumbu mapema. Alimweleza Tiburcio.

"Mimi nilisimama juu ya lile ziwa nikaona kila kitu," Tiburcio akasema, "na sikuweza kukimbia haraka. Kila mmoja wetu ana lake, comadre. Tutaenda nalo."

Fermina na mama yake hawakuwa na pa kwenda, na nyumba ya Obdulia ilikuwa na chumba cha binti. Hakuna aliyeomba wala aliyekaribisha. Godoro liliingizwa tu. Siku za mwanzo walizungumza mambo ya kuni na chumvi. Doña Cleotilde ndiye aliyekuwa akijaza ukimya, akisimulia ndoto zake na kulalamikia tanuri. Kisha asubuhi moja, yeye na Fermina wakiwa wameinamia unga, Obdulia aliuliza:

"Siku ile, kwa nini uliondoka?"

Fermina aliendelea kukunja pete za unga, akizipanga kwenye trei.

"Mwaka jana ulipiga kelele ukiwa huku juu," akasema. "Safari hii ulishuka. Ukaja ukasimama pale nilipokuwa nimesimama mimi. Yangekuja wakati ule yangetuchukua wote. Nikaona huyu hata kama amekosea, hachezi."

"Na baba yako?"

Mikono ya Fermina ikatulia.

"Baba bado. Hilo sijalisamehe, na sijui kama nitalisamehe. Ila nimechoka kunyamaza, Obdulia. Kunyamaza ni kazi."

Obdulia aliitikia kwa kichwa. Fermina akasukuma trei kuelekea kwake, akamwambia tanuri litapoa akiendelea kushangaa, na wakaoka.

Hali haikurudi kama zamani. Fermina alipojengewa nyumba mpya, huku juu, aliihamia siku hiyo hiyo bila maneno mengi. Lakini alikuja kuoka karibu kila asubuhi, na walipogombana, na walikuwa wakigombana, waligombana kwa sauti. Chema alikaa kimya miezi kadhaa, mpaka alipofungua duka jipya akaandika mlangoni kwamba hapa maji hayafiki kwa idhini ya doña Obdulia. Obdulia alipoona maandishi yale alicheka peke yake njiani.

Kwa muda mrefu hapakuwa na rula. Aliusoma mto kwa kukisia, kwa jiwe moja jeupe lililobaki ng'ambo. Ofisi ilipoleta rula mpya ya chuma na kuifunga kwenye mwamba, karibu na daraja jipya la kamba, aliiambia kamati wamtafute mtu mwingine wa kushirikiana naye. Magoti yake sasa yalikuwa yanamfanya amwelewe Tiburcio. Kamati ikasema italifikiria.

Aliyekuja alikuwa Lorenza, mjane wa Nicanor. Alifika siku moja saa za alasiri, akasimama uani mikono ameikunja, akasema anataka kusoma maji ya jioni.

Obdulia alimsogezea kiti. Alikuwa amemwona mwanamke yule akizunguka njia ndefu ya juu ili asiuone mto, na watoto wake akiwakataza hata kuusikia.

"Una hakika, Lorenza?"

"Hapana. Lakini mto upo pale kila siku, nami napita nimefumba macho. Nitafumba mpaka lini? Afadhali niujue."

Wakashuka pamoja. Kilikuwa kiangazi, mto umelala kati ya mawe, na jua la jioni lilikuwa linapiga majini. Lorenza alisimama hatua chache nyuma, akakaza shingo, kisha akasogea hadi kwenye mwamba. Obdulia alimwonyesha mistari mirefu na mistari mifupi, na namna ya kuinama ili jicho lilingane na maji. Hakumshika mkono wala kumhimiza. Lorenza alitazama kwa muda.

"Yanapanda na kushuka," akasema. "Hayatulii. Nisome yakiwa juu au yakiwa chini?"

"Yatazame kwanza. Ukishayazoea utaona yanakorudirudi. Hapo ndipo usome."

Lorenza akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya mwamba kujishikiza. Obdulia alirudi nyuma akaketi kwenye jiwe, akavua viatu kukung'uta mchanga, akamwacha ayatazame kwa nafasi yake.